Ukitaka kuurekebisha mchezo wa Mario, anza na hatua moja

Juma lililopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia hivi: "Kaka, nimecheza kazi yako hadi mwisho. Na mimi nataka kutengeneza yangu, yenye ulimwengu mzima. Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu maneno hayo ya ulimwengu mzima niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2019, nikiwa nyumbani kwetu Busia, nayo yalinigharimu miaka miwili.

Mchezo tunaouzungumzia ni Super Mario World, mchezo wa video wa kampuni ya Nintendo ambamo Mario hukimbia na kuruka hatua baada ya hatua, uliotolewa Japani mwaka 1990. Mjomba alirudi na kaseti ya mchezo huo kutoka Uingereza nilipokuwa mdogo, na likizo zangu zote ziliishia mbele ya kaseti ile. Nilipogundua baadaye kwamba ipo programu ya bure iitwayo Lunar Magic, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ambayo humwezesha mtu kufungua hatua za mchezo huo na kuhamisha matofali, mabomba na maadui kwa kipanya cha kompyuta, niliona kwamba mlango niliokuwa nikiutafuta tangu utotoni umefunguka. Mchezo wa asili una njia za kutokea 96, yaani namna za kumaliza hatua zake. Nikaapa kwamba wangu utakuwa na 100.

Nilichora ramani katika daftari kabla sijajenga chochote. Nilibuni ngome saba na majina ya watawala wake, nikawasimulia rafiki zangu wote, na kila aliyenisikiliza nilimwahidi kuwa mwaka hautakwisha kabla hajaucheza. Kufikia mwisho wa 2020 nilikuwa na hatua 31 zilizoanzwa na hakuna hata moja iliyokamilika. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuhifadhi kazi, na uliporudi faili halikufunguka tena. Sikuwa na nakala nyingine popote. Nililia usiku ule, wala sioni haya kulisema, na kwa miezi mingi sikutaka hata kusikia muziki wa mchezo huo.

Ndiyo maana ninamsihi kila anayeanza ajenge hatua moja tu. Fungua ile yenye nambari 105 ndani ya Lunar Magic, yaani ile iliyo kushoto kwa nyumba ya Yoshi, yule dinosau rafiki wa Mario, kwenye ramani, na kabla ya kugusa chochote itazame kwa makini jinsi watengenezaji wa mchezo walivyoipanga: ile risasi kubwa iitwayo Banzai Bill inamjia mchezaji mapema, lakini imewekwa mahali penye nafasi ya kuikwepa. Kisha badilisha vitu vichache, hifadhi, cheza, rekebisha, ucheze tena. Kila unapofunga kazi, weka nakala yenye tarehe kwenye flashi. Mengine, kama rangi, muziki mpya na asembli, yaani lugha ya kuandikia programu za mchezo wenyewe, yatakuja kwa wakati wake; mimi niliyakimbilia mapema na hayakunisaidia kitu.

Niliporudi kazini mwaka 2021 nilijenga hatua tano tu. Ya kwanza nilimpa binamu yangu aijaribu, naye akafa mara kumi na nne kwenye shimo lile lile, huku mimi nikimpigia kelele, "Ruka sasa! Sasa!" Nilimkasirikia kwanza. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa nimeijenga hatua ile kwa ajili ya vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimelipita shimo hilo mara mia na zaidi. Tangu siku hiyo mtu akijaribu kazi yangu mimi hukaa kimya na daftari mkononi, nikiandika alipokwama.

Jeraha jingine lilikuja siku ya kuitoa kazi hiyo kwa watu. Sisi tunaorekebisha mchezo huu hatugawi mchezo wenyewe, kwa kuwa ni mali ya Nintendo. Tunagawa kiraka, yaani faili dogo lenye tofauti tu kati ya mchezo wa asili na kazi yetu, na kila mchezaji hukibandika kwenye nakala yake mwenyewe. Nilitoa kiraka cha aina ya IPS, ambacho hakikagui kimebandikwa juu ya nini. Baadhi ya nakala za mchezo huo hubeba baiti 512 za ziada mwanzoni mwa faili, zilizoachwa na vifaa vya zamani vya kunakili kaseti, na kwa wenye nakala hizo kila kitu kilisogea, wakaona skrini nyeusi. Mmoja wao aliandika hadharani kwamba Mganda huyu hajatengeneza kitu. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, ingawa siku mbili baadaye nilitoa kiraka cha BPS, ambacho hukagua kwanza faili la asili na kukataa lisilo sahihi, na malalamiko yakakoma.

Ndugu zangu, msione aibu kutoa kitu kidogo. Kiraka changu hakifiki kilobaiti 100, na katika nchi kama Uganda yetu, ambayo bando la intaneti limetozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, udogo huo ni heshima kwa anayekipakua. Tumezoea kutangaza makubwa kabla ya kushika nyundo. Tuache. Anayekamilisha hatua moja anajua jambo ambalo mwenye ramani ya ngome saba hajalijua, nami ninalisema hili nikiwa nimekaa pande zote mbili.

Kijana wa Mbale nimemjibu kwamba aniletee hatua yake moja kabla mwezi haujaisha, katika kiraka cha BPS, bila maelezo yoyote ya namna ya kuipita. Binamu yangu amekwisha kukubali kuicheza, na daftari liko tayari.