Vifuniko vya chupa za maji kwa watoto wa miaka miwili

Je, mtoto wa miaka miwili anaweza kujifunza kuhesabu kwa vifuniko vya plastiki vya chupa za maji? Hapana, kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 vifuniko hivyo havifai kuhesabia, hata vikiwa vimeoshwa vizuri. Kipimo kinachotumika Marekani kukagua vitu vidogo vya kuchezea ni kisilinda chenye kipenyo cha milimita 31.7, na kitu chochote kinachozama chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Kifuniko cha kawaida cha chupa ya maji, ambacho upana wake ni takribani sentimita 3, huzama bila shida.

Kwa watoto wa darasa la awali, wenye miaka mitano hivi, vifuniko hivyohivyo ni zana nzuri sana, kwa sababu rangi zake huwawezesha kupanga makundi kabla hata ya kuanza kujumlisha. Vizibo vya soda vya bati mimi nisingevitumia, kwani meno ya pembeni huchubua vidole na bati hushika kutu.

Mdogo wa miaka miwili mpe makopo makubwa ya plastiki ya kutumbukiza moja ndani ya jingine, au maboksi ya dawa ya meno ya kupanga kwa urefu. Vyombo vilivyowahi kuhifadhi dawa za kuua wadudu, viatilifu au mafuta ya taa visiingie darasani kabisa, kwa kuwa kuvisuuza hakuhakikishi kwamba sumu yote imetoka.