Ulizeni Niwajibu: Printa, pesa na simu ya saa tisa usiku

SWALI: Anko shikamoo. Niko aiti kwenye sacco moja hapa mjini, kazi yenyewe kurisiti paswedi za watu na kutengeneza printa basi. Nimeona tangazo, kampuni ya fedha yatafuta msanifu wa usalama wa mifumo, mshahara si mchezo. Huyo msanifu kutwa hufanya nini? Nianze na sheti gani? Na lazima nihamie Nairobi?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo printa usiidharau, nakuja hapo.

Msanifu si yule wa kufukuzana na wadukuzi kama kwenye filamu, kazi yake nyingi ni kabla mwizi hajaja. Kampuni ikitaka kuleta kitu kipya, tuseme mkopo wa kwenye simu, yeye huketi na watu wa programu na watu wa biashara wanachora pesa inaingilia wapi inatokea wapi, na kila pahali mfumo mmoja unapouamini mwingine anauliza, hapa nani anaruhusiwa, nani anaidhinisha, na huyu akiibiwa paswedi mwizi atafika wapi? Kisha anaandika, tena sana, halafu anabishana kwenye mikutano manake kila mtu anataka huduma itoke Ijumaa.

Sasa printa. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mifumo ya benki kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya malipo kwa SWIFT, ule mtandao wa mabenki kutumiana maagizo ya pesa, kwenda benki ya New York iliyowatunzia pesa, dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Printa iliyokuwa ikitoa ripoti za hayo malipo walikuwa wameshaizima kiujanja, wafanyakazi wakadhani ni ile kawaida ya printa kugoma, na ilikuwa wikendi. Wapelelezi wa Bangladesh walisema hakukuwa na fayawoli, ule ukuta wa kuchuja kinachoingia na kutoka kwenye netiwaki, na swichi za kuunganisha kompyuta zilikuwa za mtumba, za dola 10! Yaani mashine za kuhamisha mamilioni hazikutengwa vizuri na netiwaki ya ofisi nzima. Hilo kosa la mchoro hata ununue antivairasi ya bei gani halitibiki.

Kwa hivyo anzia hapo ulipo. Mkopo wa sacco yenu mtu mmoja anaweza kuuingiza na kuuidhinisha peke yake? Aliyeacha kazi mwaka jana akaunti yake imefungwa? Wewe ndiye unayerisiti paswedi, mtu akikupigia akisema yeye ni meneja unahakikisha vipi? Chora, mpelekee bosi. Lakini usijaribu kuvunja chochote bila ruhusa ya maandishi, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia mfumo bila idhini ni faini hadi shilingi milioni 5 au jela hadi miaka 3 au vyote, na "nilikuwa nawasaidia" sidhani kama itakuokoa.

Sheti kubwa waajiri wanayoipenda ni CISSP, ile ya kimataifa ya usalama wa mifumo, ila inadai uzoefu wa miaka 5, digrii inakupunguzia mmoja. Mtihani unaweza kufanya mapema lakini mimi ningekwambia jifunze netiwaki na jinsi pesa zinavyotembea kwanza, nimeona vijana wana vyeti ukutani na hawajui muamala ukikwama katikati nani anarudisha hela. Nairobi? Makao makuu ya benki nyingi yako huko, siwezi kukudanganya, ila sacco na mawakala wa forodha wa hapa Mombasa nao wana pesa na siri za kulinda.

SWALI: Mume wangu anafanya hiyo hiyo kazi, anasema yeye ni wa kuchora tu. Mbona anapigiwa simu saa tisa usiku?
Mama Tudor

JIBU: Mama usimshuku, hapo namtetea. Mambo yakiharibika wanaopambana humtafuta aliyechora, wajue wakate wapi bila kuzima huduma yote. Tena saa zinahesabika, Benki Kuu inataka benki iripoti shambulio kubwa ndani ya saa 24, na data za wateja zikivuja kukawa na hatari kwao kamishna wa data aambiwe ndani ya saa 72. Ila kama simu yalia kila usiku, hapo si shambulio, hapo kampuni imekosa watu wa zamu, mwambie akadai.