Usaha umekata, lakini damu hujaijua: kapime tena, yakhe

Wewe uliyeandika jana kwamba usaha wa kisonono umekata baada ya vidonge vya duka la dawa, kwamba kipimo cha VVU cha wiki ile ile kimetoka safi, na sasa unauliza mambo mawili: mkeo umwambie au unyamaze, na kama kuna haja ya kupima tena. Nimekusoma nikiwa barazani, kahawa ikanipalia. Ulichokifanya ndicho nilichokifanya mie, hatua kwa hatua.

Kapime tena. Kelele zangu utanisamehe.

Mwaka ule karafuu zilizaa kweli. Nikauza, pesa zikaniwasha mfukoni, nikapanda boti Mkoani, Pemba, nikashukia Malindi ya Unguja, ati nakwenda kununua mabati. Mabati sikununua. Siku ya nne, kwenda haja ndogo ni kama mtu kanitilia pilipili, na doa la manjano kwenye kikoi. Wiki nzima nikawa navaa nyeusi tupu, mke wangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Nikenda zahanati moja ya mtu binafsi. Jina nalihifadhi, mwenyewe akisoma atajijua. Akanidunga sindano, akanipa vidonge na, haki yake nampa, akanipima VVU hapo hapo. Tone la damu kidoleni, tukangoja, mstari mmoja. Akanipiga bega: "Safi bwana, nenda zako." Basi! Hakuniuliza nililala na mtu lini. Hakunambia rudi. Neno moja tu lingetosha, "rudi", wala halina bei. Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha ukaazi, kama cheti cha chuo. Nikatembea nayo miezi 14.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wanapotupoteza. Kisonono kina pupa: siku 2 hadi 7, aghlabu kimeshajitangaza. VVU havina pupa. Kile kipimo cha kidole hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana nacho, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwatengeneza, kwa wengine mpaka miezi 3. Kwa hivyo kipimo changu cha siku ya nne kilisoma maisha yangu ya kabla ya kupanda boti. Usiku wa Unguja hakikuuona kabisa. Na mtu aliyepata kisonono au kaswende ndiye khasa wa kuhofiwa kuwa na VVU, kwa sababu njia iliyopitisha kimoja ndiyo inayopitisha na chengine, na mahali palipovimba au palipochubuka VVU huingia kwa wepesi zaidi. Sindano ya kisonono haivigusi VVU hata kidogo. Mie nikidhani imenisafisha damu yote. Ati damu yote! Na maskani wakanitia nguvu: "Usaha ukikata, maradhi yamekwenda." Madaktari wa dhumna.

Mke wangu akashika mimba. Kliniki ya wajawazito wakampima VVU na kaswende kama wanavyopimwa wenziwe. Akanipigia simu niende, hakusema kwa nini. Nikamkuta kwenye benchi, mtandio kauvuta mpaka kwenye nyusi, mkoba kaupakata kwa mikono miwili. Nesi akanichoma kidole. Mstari wa pili ulitokea hata sijamaliza kujifuta damu. Wakarudia kwa kipimo chengine, jibu lile lile. Nikatoa karatasi yangu ya kwenye pochi, ishalainika kama kitambaa. Nesi akaisoma tarehe, akanirudishia, akaniuliza: "Baada ya hii ulipima lini?" Mke wangu akageuka kuniangalia, na yeye akingoja jibu.

Tukaanzishiwa dawa sote wawili, bila malipo. Mtoto akazaliwa, akanyweshwa ya maji. Alipofika wiki 6 akachomwa kisigino, damu ikadondoshwa kwenye karatasi yenye viduara, nami nimemshika mguu. Hana. Miezi 18 akapimwa tena, hana. Alhamdulillahi, leo anafukuza kuku wa jirani na kesi naletewa mie.

Kwangu mie kanuni ni hii: kila kisonono kimoja, vipimo viwili vya VVU. Cha siku ile, kwani huenda umebeba cha zamani hujijui, na cha baada ya miezi 3, kwa ajili ya usiku wenyewe. Katikati hapo kondomu, hata nyumbani kwako. Na mkeo mwambie, atibiwe hicho kisonono, la sivyo atakurudishia zawadi yako mwenyewe.

Safari yako unasema ilikuwa wiki mbili nyuma. Ungeuliza ndani ya saa 72 ningekukimbiza spitali wakupe dawa za kinga, zile za siku 28. Boti hiyo imeshang'oa nanga. Ulichobaki nacho ni hesabu. Chukua tarehe uliyolala huko, si tarehe uliyomeza vidonge, ongeza miezi 3, iandike ukutani. Na ile karatasi itoe kwenye pochi leo hii.