"The Gambler" si utunzi wa Kenny Rogers
Ukidhani wimbo huu wa kantri ni utunzi wa Kenny Rogers, yule mwimbaji wa Marekani, hapana, Rogers aliuimba tu. Aliyeutunga ni Don Schlitz, mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka 23 anayefanya kazi ya kompyuta zamu ya usiku kule Nashville. Angalia lebo ya santuri yenyewe, jina la Schlitz limeandikwa chini ya wimbo. Tena Rogers hakuwa wa kwanza kuurekodi: Bobby Bare alimtangulia, na Johnny Cash naye aliurekodi 1978. Ila rekodi ya Rogers, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, ndiyo iliyoshika namba moja kwenye chati ya kantri. Tuzo za muziki za Grammy zilikuja mbili, ya Rogers ya uimbaji na ya Schlitz ya utunzi. Kijana wa watu apewe haki yake jamani.