Wa kwanza nyumbani kwenu kuingia chuo? Soma haya kabla muhula haujaanza

Kama barua ya kuitwa chuo uliisoma wewe, halafu ukawaeleza wazazi inasema nini, haya yanakuhusu. Mimi natoka Busia, upande wa Uganda, nyumba ambayo hakuna aliyekuwa amevuka sekondari. Tangu nimalize Makerere, wadogo zangu wa mtaani wanaokwenda Kampala hupitia kwangu kwanza, na haya ndiyo ninayowaambia.

Tukitajiwa mafanikio ya Makerere tunatajiwa vigogo: Nyerere aliyesomea ualimu pale miaka ya 1940, Kibaki mtoto wa wakulima aliyemaliza uchumi kwa daraja la kwanza mwaka 1955, Mkapa aliyehitimu 1962. Sawa, ni fahari yetu. Lakini mimi huwapenda zaidi wale vijana 14 wa mwaka 1922, wakati chuo kilipoanza kama shule ya ufundi, wakifundishwa useremala, ujenzi na umekanika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na baba aliyepita pale wa kumwambia mambo yanakwendaje. Wewe nawe huna, ila una nafuu moja: chuo kimejaa watu waliotoka nyumba kama yenu, na wengi watakujibu ukiwauliza. Nimemwona binti wa muuza mukene, dagaa wa ziwani, akimaliza uhandisi kwa daraja la kwanza, na nimewaona waliomshinda alama za S6, kidato cha sita, wakikwama mwaka wa pili. Binti yule hakuwa na akili za ajabu. Alikuwa haoni haya kuuliza, tena wiki ya kwanza, si wiki ya mtihani.

Swali la kwanza liwe la CGPA, yaani wastani wa alama zako zote tangu muhula wa kwanza. Mwenzako ambaye mama yake ni mhadhiri alishaelezwa nyumbani wakila. Wewe unafika ukidhani ni kama sekondari, kwamba mtihani wa mwisho ndio unaoamua yote, na mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Usidanganyike. Kila muhula unahesabiwa. Kipimo cha Makerere kinaishia 5: ukipata 80 kwenda juu una 5.0, 70 hadi 74 ni 4.0, 60 hadi 64 ni 3.0, na 50, ambayo ndiyo ya kupita, ni 2.0 tu. Daraja la kwanza linaanzia 4.40, la pili la juu 3.60.

Sasa chukua kozi ya miaka mitatu yenye mzigo sawa kila mwaka. Ukilegea mwaka wa kwanza ukapata 2.9, daraja la kwanza limeshakupita. Hata ukipata 5.0 tupu miaka miwili yote iliyobaki, utaishia 4.3. La pili la juu bado utalipata, ila lazima uwe na wastani wa 3.95 mpaka mwisho, na masomo ya mwaka wa tatu si mepesi kuliko ya kwanza. Mama nilimweleza kwa daftari la madeni la pale dukani kwake: leo ukilipa taslimu, la jana bado limeandikwa. Akaelewa papo hapo, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza matokeo ya kila muhula.

La pili ni karatasi zako. Vyuoni kwetu alama hupotea. Umefanya kazi ya darasani, umefanya mtihani, matokeo yanatoka na mahali pa somo lako pana nafasi tupu. Mtoto wa mjini huenda kugonga mlango siku hiyohiyo. Sisi tuliolelewa kutobishana na wakubwa tunanyamaza, tukiamini ofisi haikosei, mpaka jina linakosekana kwenye orodha ya mahafali. Nunua bahasha ya plastiki, ya bei ndogo kabisa, na humo uweke kila kazi iliyosahihishwa ukarudishiwa. Kila kazi unayoiwasilisha ipige picha kwa simu, na karatasi ya mahudhurio usiiache ipite bila kusaini. Alama ikikosekana, mwone mhadhiri kwanza, kwa heshima zote. Asipokusaidia, mwandikie mkuu wa idara barua yenye tarehe, na nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Si utovu wa adabu huo. Maneno ya mdomo kwenye korido hayana kumbukumbu.

Pesa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nyumbani wakisikia umepata mkopo wa serikali, ule wa bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, wanadhani umeshiba. Mkopo unalipa ada na michango ya chuo. Chumba cha kupanga Kikoni, mtaa wa jirani na chuo, na chakula ni juu yako. Waeleze hivyo kwa tarakimu, mapema, kabla hawajaanza kukutumia ujumbe kwamba mdogo wako amefukuzwa shule. Na kama wanachanga wao, ada ikifika toa namba ya malipo ulipe siku hiyohiyo. Pesa iliyokaa kwenye simu ya mtoto wa kwanza kufika chuo haikosi msiba wa kuifuata. Wapo wanaosema kumnyima ndugu ni roho mbaya. Mimi nasema wewe ukishindwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada, hasara ni ya ukoo mzima. Kwa upande wa tumbo, kikomando cha Wandegeya, hapo karibu na chuo, yaani chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, kitakufikisha mbali. Usione aibu kukila. Hata hao wenye magari wanakila, usiku.

Jambo dogo kwa sisi tuliozoea Kiswahili, wa mpakani, wa Arua na wa kambi za polisi: Kampala ukimsalimia mtu kwa Kiswahili anaweza kukudhani askari. Wazee wana kumbukumbu zao mbaya za miaka ya Amin, Kiswahili kilipokuwa lugha ya wanajeshi, usichukie. Jifunze Luganda cha kununulia vitu, inatosha kwa kuanzia.

Intanshipu, yaani mafunzo kazini, tafuta kuanzia Januari, hata kama ni ya Juni. Wenye wajomba ofisini hawahitaji kuhangaika, wewe unahitaji. Chukua barua ya chuo, peleka mkononi, rudi wiki inayofuata kuulizia.

La mwisho wengi huliacha hadi wachelewe: jina. Angalia cheti cha S4 (kidato cha nne), cha S6, kitambulisho cha taifa na jina uliloandikishwa chuoni. Kwetu mtoto huandikwa Aisha shuleni, Asha kwenye kitambulisho, na jina la babu linapotelea njiani. Chuo kitaandika kwenye shahada lile ulilosajiliwa nalo, na mwajiri au chuo cha nje kitataka yafanane yote. Likitofautiana hata herufi moja, nenda kwa wakili uulize hati inayohitajika, kisha uipeleke kwa msajili ukiwa bado mwaka wa kwanza, foleni ikiwa fupi na shahada haijachapwa.