Kijana wa steshenari hamjui babu yako

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: viza ya mtandaoni unajaza mwenyewe au unampa mtu akujazie? Mimi nimefanya yote mawili, kwa mgonjwa mmoja, safari ile ile, ndani ya mwezi mmoja. Jibu langu ni jaza mwenyewe, na kulijua hilo kumenigharimu pesa.

Mgonjwa ni mama yangu, tatizo goti. Hospitali moja ya Chennai ilishatuma barua yenye tarehe, ikabaki viza ya matibabu ya India. Mimi nauza vitenge Kariakoo. Saa moja asubuhi niko dukani, jioni nikifika Mbagala hata viatu navua kwa shida. Mtaani kwetu kuna steshenari yenye bango: "Tunajaza fomu za chuo, ajira, mkopo, pasipoti na viza." Nikampa kijana pasi ya mama, barua ya hospitali, shilingi 30,000 ya kazi yake, na ada ya viza juu. Dakika ishirini tu. "Dada, tayari, subiri siku tatu." Nikatoka pale najiona mjanja.

Siku ya tano nikapita, nakuta pamefungwa. Anayeuza mihogo jirani akaniambia kijana kaenda msibani Tanga. Simu haipatikani. Hapo ndipo nikajiuliza kitu ambacho nilitakiwa kuuliza siku ile ile: majibu yanakwenda kwa nani? Aliweka barua pepe yake mwenyewe. Namba ya ombi, ambayo ukiwa nayo pamoja na namba ya pasi unaweza kufuatilia mwenyewe, ilikuwa kwenye simu yake huko huko Tanga.

Aliporudi tukafungua pamoja. Walikuwa wametaka barua ya hospitali ipakiwe upya kwa kuwa haisomeki. Hakuna aliyejibu, ombi likakataliwa. Na ada ikishalipwa hairudi. Wameandika wazi, sisi ndio hatukusoma. Kijana aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma, msiba hauna ratiba. Kilichonitoa jasho ni nakala ya fomu aliyoniprintia. Baba wa mama alizaliwa wapi: Dar es Salaam. Mama wa mama: Dar es Salaam. Alama mwilini: hakuna. Nchi alizotembelea ndani ya miaka 10: hakuna, wakati mama ni hajati na muhuri wa Saudi Arabia umo kwenye pasi hiyo hiyo aliyoishika mkononi!

"Dada, ukiacha wazi haiendi mbele," akaniambia.

Nikamwelewa. Siyo mwongo yule. Ana watu sita kwenye benchi, anachotaka ni vile visanduku vyenye nyota nyekundu vijae ili ukurasa ugeuke. Lakini mwisho wa fomu kuna mahali pa kuweka tiki kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na anayekula kiapo pale ni mama, si yeye.

Mara ya pili ilikuwa Jumapili, kompyuta ya kuazima kwa mdogo wangu, mama pembeni na chai yake ya tangawizi. Tulitumia saa tatu, na nusu yake ilikuwa mazungumzo. Babu alizaliwa wapi? Utete. Bibi? Kimya kidogo, halafu ikaja hadithi ndefu ya mafuriko ya Rufiji na watu kuhama na kuku mtumbwini, mpaka jina la kijiji likapatikana. Fomu ya India inauliza pia kama wazazi au babu na bibi zako waliwahi kuwa raia wa Pakistan. Nikamsomea mama. "Babu yangu mimi? Yule hata Kilwa hakufika." Tukafika kwenye alama inayoonekana mwilini, mama akapandisha mkono wa dera na kunionyesha kovu la mafuta ya maandazi kwenye kiwiko. Nimeishi na kovu lile tangu nizaliwe na sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

Sanduku la postikodi kijana alilijaza sifuri tupu. Kumbe postikodi tunazo, zimo kwenye mambo ya anwani za makazi. Za kwetu Temeke zinaanza na 15. Yetu nimeipata ofisi ya serikali ya mtaa.

Picha ilitusumbua. Picha za pasipoti tulizozoea kupiga huku zina rangi ya bluu nyuma. Wao wanataka nyeupe au ya kupauka, picha iwe ya mraba, kivuli kisiwepo, na uso uonekane wote. Tulitundika shuka jeupe mlangoni, mama akasogeza ushungi nyuma paji la uso likatokeza, miwani pembeni. Tukapiga kama mara kumi na tano, maana kila mara mjukuu wake alikuwa anamchekesha. Ukurasa wa pasi nao lazima uwe PDF isiyozidi kilobaiti 300. Hapo nilirudi kwa kijana yule yule, nikamlipa shilingi 2,000, akaskani pasi na barua vizuri na kupunguza ukubwa. Kazi yake hiyo anaijua kuliko mimi, na sioni aibu kumpelekea.

Umeme ulikatika tukiwa katikati. Ile fomu inakupa namba ya muda mapema, ukiwa nayo unarudi ulipoishia. Iandike kwenye karatasi, usiiamini kompyuta. Na kabla ya hayo yote angalia upo kwenye tovuti ya nani. Ukitafuta tu "viza ya India", vinavyotangulia juu mara nyingi ni matangazo ya mawakala waliojipamba kama serikali, wanaongeza ya kwao juu ya ada. Ya serikali inaishia na gov.in. Malipo yangu ya kwanza yaligoma kwa sababu kadi ya benki haikuwa imefunguliwa kununua mtandaoni. Nikatengeneza kadi kwenye pesa ya simu, ikapita.

Wapo watakaosema wao waliambiwa kila kitu ni mtandaoni. Inategemea unakwenda wapi. India wanatoa idhini kwa barua pepe, unaiprinti, alama za vidole unachukuliwa ukishatua kule. Uingereza unajaza na kulipa mtandaoni, kisha unakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Marekani unajaza fomu ya DS-160 kwenye kompyuta, halafu kwa kawaida unakwenda kusimama mbele ya ofisa ubalozini. Anayekwambia atakumalizia ya Marekani akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, mwachie soda uondoke.

Kwa India waombe angalau siku 4 kabla ya kufika. Mgonjwa anaruhusiwa wasindikizaji 2, kila mmoja na ombi lake, kwa hiyo na langu nililijaza usiku huo huo. Majibu yetu yalikuja Jumatano saa nne usiku, kwenye simu yangu, nikiwa nakunja nguo.

Asubuhi nikaenda kuprinti pale pale steshenari. Kijana akaisoma karatasi yote, taratibu, halafu akaniuliza fomu niliijaza na nani. Nikamwambia na mama. Tuliporudi kutoka Chennai nilipita kutoa kopi, nikakuta mezani kwake pana daftari la kaunta limefungwa kalamu kwa uzi. Mzee mmoja wa kanzu alikuwa ameinama, anaandika barua pepe ya mwanawe herufi moja moja.