Ukiandika hadithi ya serikali inayochungulia watu, weka kamera pembeni kwanza

Vijana wanaoandika hadithi fupi huniletea miswada niwasomee kabla hawajaituma kwenye mashindano. Siku hizi mingi ni ya serikali inayofuatilia raia: droni juu ya paa, kamera kila kona, chipu chini ya ngozi. Mitambo imepangwa vizuri, ila wahusika wanaishi kana kwamba hakuna anayewatazama. Wanagombana kwa sauti, wanatongozana barabarani, wanaitukana serikali kwenye simu. Sasa hapo hofu iko wapi?

Huwa nawaambia: wasomeni wakongwe, na mnaposoma tafuteni kitu ambacho mhusika ameacha kukifanya.

Mimi huwaanzishia kwa Yevgeny Zamyatin, Mrusi, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu huko Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Riwaya yake, We, ilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Nyumbani kwake ilizuiwa hadi 1988. Humo watu wana namba badala ya majina, na kuta za nyumba ni vioo vitupu. Pazia halishushwi hovyo. Unashusha siku ya mgeni wa kitandani tu, tena uwe na kitiketi chako cha waridi. Kinachotisha zaidi ni kwamba msimulizi, D-503, mwanzoni haoni shida yoyote. Anaona ndio ustaarabu wenyewe.

Halafu nendeni kwa George Orwell na 1984 yake, ya mwaka 1949. Kila mtu anakumbuka mabango ya Kaka Mkubwa, kiongozi wa chama kinachotawala. Nyie someni taratibu pale Winston, mhusika mkuu, anapoanza kuandika shajara. Chumbani kwake ile skrini inayoona na kusikia imefungwa mahali pasipo pa kawaida, ikaacha kijipembe ukutani. Akijibana humo anasikika, ila haonekani. Faragha yote aliyobaki nayo duniani inatosha meza ndogo na mtu mmoja. Na kwa kuwa hajui ni dakika ipi anatazamwa, kila anapogeukia skrini anajivika uso wa mtu mwenye matumaini. Orwell hapotezi muda kutueleza mtambo unafanya kazi vipi, anatuonyesha uso.

Kisha kuna Parsons, jirani yake, mpenda chama kupindukia. Anakamatwa kwa kuropoka usingizini. Aliyemchongea ni bintiye wa miaka saba, aliyekuwa akisikiliza kwenye tundu la ufunguo. Na baba mtu anajivunia mtoto alivyolelewa! Nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kidogo.

Msidhani hayo ni ya kubuni tu. Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa taarifa wa siri wapatao 189,000. Majalada yalipofunguliwa kwa wananchi mwaka 1992, wapo waliogundua kuwa aliyekuwa akiwaripoti ni mwenzi wao wa ndoa.

Kwa hiyo ukirudi kwenye mswada wako, chagua nyumba moja. Mama aliyezoea kupiga soga barazani sasa anafungulia redio kwanza ndipo amtaje kaka yake. Mtoto akiingia, watu wazima wanahamia kwenye bei ya unga. Hapo hata kamera huihitaji, msomaji ataiona mwenyewe.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: katika 1984, makabwela ni asilimia 85 ya watu, na wengi wao hawana hata hiyo skrini majumbani. Chama hakihangaiki nao. Mswada ukinifikia, swali langu la kwanza huwa hili: serikali yako ni akina nani haioni haja ya kuwachungulia, na kwa nini?